Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuzuia Wizi wa Korosho, Tandahimba

Ndugu wanachama,

Wizi wa korosho hauanzii shambani, unaanzia kwa mnunuzi. Naliweka hili mbele kwa sababu wapo bado wanaodhani dawa ni kuongeza marungu. Anayebeba nusu gunia usiku anajua pa kulifikisha kabla hakujapambazuka: kwa mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa magendo, asiye na mizani wala daftari. Na mwanachama anayemuuzia mtu huyohuyo korosho zake halali ndiye anayemfichia mwizi, maana zikishachanganyika hakuna wa kuzitenganisha.

Ndiyo maana nguvu tumeielekeza ghalani. Mpokeaji wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha msingi, alinganishe mzigo na mikorosho iliyoandikishwa. Mikorosho 40 ikitoa kilo 10 kila mmoja ni kilo 400, yaani magunia 5 ya kilo 80. Mwenye mikorosho 40 akileta magunia 20, kila mkorosho umetoa kilo 40! Aulizwe kwa adabu, kabla stakabadhi haijaandikwa. Pengine kabeba na za shemeji yake; basi jina la shemeji liandikwe. Wanaokasirika kwa swali hilo, wakasirike.

Doria zilikosea saa. Walinzi walikesha barabarani wakarudi kulala saa 10 alfajiri, na hapo ndipo mwokotaji haramu anapoingia chini ya mikorosho, mwenye shamba hajaamka. Lindo sasa ni saa 10 hadi saa 1 asubuhi, na njia hubadilishwa kila siku. Lakini korosho zilizolala chini siku nne hazina mlinzi. Okoteni kila siku.

Kuhusu alama: jina la rangi juu ya gunia halitoshi, mwizi humwaga korosho kwenye gunia jingine. Bado liandikeni, tena upande wa ndani pia, na mdomo ushonwe kwa uzi wa rangi moja mliyokubaliana nyumbani. Mali ikikamatwa, mwenye mali aeleze polisi alama hizo kabla hajaonyeshwa gunia. Akionyeshwa kwanza ndipo aseme "hili langu", mahakamani utambuzi huo ni dhaifu, kwa kuwa korosho zote zinafanana.

Kesi nyingine hufia mikononi mwetu wenyewe. Raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda kosa la wizi mbele yake, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga ni kosa jingine, safari hii la kwetu. Gunia lisifunguliwe, lisirudishwe kwa mwenyewe kwa huruma. Kila aliyelishika aandikwe jina na saa. Kielelezo kikipotea njiani, hakimu hana la kufanya.

Kwa vijana wa kosa la kwanza, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu mahakama kumpa mkosaji kazi ya jamii badala ya kifungo kisichozidi miaka 3. Kazi hiyo huhitaji mahali na msimamizi. Kusafisha zahanati na kufyeka barabara ya ghala tunaweza kuvisimamia, tukishirikiana na ofisa wa probesheni. Kutoka gerezani atarudi na marafiki wapya.

Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nayo isilale uani. Mifuko ihesabiwe jioni, kisha ifungiwe ndani.

Uzi utagawiwa na mtunza stoo kabla ya mnada wa kwanza. Kila mmoja aje na idadi ya mikorosho yake.

Mwenyekiti