Maduka yamwambie mteja ukweli: tableti ya waranti inarudi tupu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi ni fundi simu, kijiwe changu kipo upande wa Mbuyuni hapa Moshi, na naandika kwa sababu nimechoka kubeba lawama ambazo sio zangu, maana watu wanakuja wamefura wakidhani nina dawa ya mafaili yaliyofutika, kumbe yamefutika huko kwenye waranti na mi hicho kifaa sijawahi hata kukishika.

Iko hivi. Mtu ananunua tableti, anapewa risiti na kikaratasi cha waranti ya mwaka mmoja, siku moja inagoma kuwaka. Anairudisha dukani, duka linaipakia kwenye basi inaenda Dar, inakaa huko wee mpaka mwenyewe anachoka kupiga simu, ikirudi inawaka vizuri tu inang'aa, ila ukiiwasha inakupokea kama mgeni, chagua lugha, weka Wi-Fi, weka akaunti. Picha hakuna, namba hakuna, mafaili hakuna. Ukiuliza, kijana wa kaunta anakujibu "ndo utaratibu wa kampuni". Sasa utaratibu huo mbona hukuusema siku naleta?

Watu waelewe kinachofanyika huko. Kwenye tableti memori ya ndani imechomelewa kwenye bodi, sio kama kompyuta ya mezani ambayo unachomoa hadi diski unaipachika kwingine. Bodi ikifa kule hawahangaiki kuitibu kama sisi wa mtaani, wanatoa nzima wanaweka mpya, na mafaili yako yamebaki kwenye ile iliyotolewa. Na usinambie "fundi si uichomoe hiyo chip uisome", Android za miaka hii data inafungwa kwa ufunguo ambao umeshikwa na prosesa ya bodi hiyo hiyo, chip peke yake ukiisoma unapata takataka tupu. Ndo maana ukikuta fundi anakuahidi kurudisha picha za tableti iliyopigwa riseti, yaani iliyofutwa kila kitu ikaanza upya, na anataka kianzio, kimbia.

Ila sasa, na hapa ndo penye hasira yangu, sio kila kilichoenda waranti kimebadilishwa bodi. Vingine ni sehemu ya kuchajia tu, vingine betri imevimba, vingine kioo kimeacha kusikia mguso, na hayo yote unatengeneza bila kugusa faili hata moja. Wanafuta kwa mazoea, kwa sababu kifaa kina PIN na wao wanataka kukijaribu haraka wamalize. Duka lingine nalo linaichukua PIN ya mteja linaiandika kwa kalamu kwenye selotepu linabandika nyuma ya tableti, nimeziona kwa macho yangu, inasafiri hivo hivo na basi na kila atakayeishika njiani anaweza kuifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, sijui wenye maduka wanadhani inahusu nani.

Kuna mama mmoja ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, yake ilirudi imefutwa. Akaniambia "mwanangu, picha basi, nitafutie lile daftari tu", maana hisa na mikopo ya kikundi kizima alikuwa anaziweka kwenye Eksel humo humo. Nikamuuliza mama emeili yako ni ipi, akanitazama tu. Akaunti alifunguliwa na kijana aliyemuuzia, siku ile ile ananunua, paswedi kaweka kijana, na kijana keshaacha kazi pale. Tukakuta jina la akaunti kwenye boksi, kaliandika kwa pensili, tukajaribu kuirejesha kwa namba ya simu, namba iliyosajiliwa inaishia na tarakimu ambazo sio za mama. Kwa hiyo inawezekana kabisa bakapu, yaani kopi ya akiba, ipo huko Google, nzima, na hakuna mtu duniani wa kuifungua. Kilichomuokoa ni faili aliyowahi kumtumia mwenyekiti kwa WhatsApp, ya miezi ya nyuma, mengine ikabidi wakae na vitabu vya wanachama kimoja kimoja, na unajua vikao vya hela vinavokuwa.

Hili la emeili za dukani jamani ni janga na halisemwi kabisa. Muuzaji anaona anamsaidia mteja, anamfungulia chapchap ili Play Store ifanye kazi, basi. Halafu tableti ikishapigwa riseti inadai akaunti ile ile ya mwanzo ndo ikubali kufunguka, mwenye mali anageuka kama mwizi wa kitu chake. Fungua akaunti mwenyewe, kwa namba ya simu yako, paswedi iandike kwenye daftari la nyumbani, we andika tu, mwizi anayeingia ndani anatafuta TV sio paswedi yako.

Na bakapu ya Google nayo watu wanaielewa nusu. Bure ni GB 15, hizo hizo zinagawana emeili, Drive na picha, ile ofa ya picha bila kikomo iliisha Juni 2021, na bakapu ya WhatsApp kwenye Android tangu 2024 nayo inahesabiwa humo. Ikijaa inaacha kupandisha, inakupa kitaarifa unakifuta, ukija kushtuka picha za mwisho kule ni za harusi ya mwaka juzi. Ingia mwenyewe uangalie tarehe ya mwisho. Kama bando linakusumbua, waya wa OTG, ule wa kuunganisha flashi na tableti, ni hela ndogo, chomeka flashi, kopi (kopi, sio kuhamisha) halafu zifungue kwenye kifaa kingine uone kweli zimeingia. Memori kadi nunua kwa mtu unayemjua, mtaani zipo za feki zimeandikwa GB 128 na ndani hakuna kitu, unajaza zinakubali, kumbe zinafuta za mwanzo zinaandika juu yake.

Walimu ndo nawaonea huruma zaidi, vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa vimeshakula miaka na betri ya lithiamu inazeeka hata ukiikalisha kabatini, na matokeo ya darasa zima yamo humo. Madereva wa watalii nao wanaacha tableti kwenye dashibodi jua la Bomang'ombe linaipiga siku nzima, halafu wananiuliza betri imevimbaje. Chaja feki na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, hayo kila mtu anayajua.

Mi siwaambii watu waikimbie waranti, hapana. Kama bado ipo hai usiniletee mimi kwanza, nikikifungua tu watakukatalia, kama ambavyo watakukatalia kikiwa kimekula maji au umepasua kioo mwenyewe. Hata nikikosa hela yako nakurudisha dukani.

Ninachoomba maduka ya Moshi na Arusha ni kitu kidogo sana. Mteja akileta kifaa, kabla hujakitupia kwenye boksi la Dar, muulize: una kopi ya vitu vyako? Kama kinawaka mpe nusu saa atoe. Kama hakiwaki mwambie usoni kwamba vinaweza vikapotea, achague mwenyewe apeleke au asipeleke. Fomu ya yule mama niliisoma, huo mstari upo, chini kabisa, Kiingereza, herufi za kutafuta kwa miwani, na yeye alisaini akijua anasaini kwamba tableti imepokelewa. Uandikeni Kiswahili, juu, karibu na sahihi. Na kama kumkopia mteja mnaona ni kazi, tozeni, hata elfu tano watu watatoa.

Fundi simu,
Mbuyuni, Moshi