Hospitali zifunguliane milango ya vyumba vya upasuaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usalama wa wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji. Hospitali nyingi hufungia hesabu za vifo na za vidonda vilivyotunga usaha kama siri ya nyumba, na matokeo yake ni kwamba kosa lililokwisha kuua mtu katika hospitali moja hurudiwa katika hospitali jirani, ambako hakuna aliyepata kulisikia.

Hali hiyo inaweza kubadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hospitali tano za Maine, New Hampshire na Vermont, nchini Marekani, zilizokuwa zikifanya upasuaji wa mishipa ya moyo, zilikubali kuonyeshana takwimu zao, kisha madaktari na wauguzi wakatembeleana na kutazama wenzao wakifanya kazi. Vifo vya wagonjwa hao hospitalini vilipungua kwa asilimia 24.

Orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani nayo ilijaribiwa na hospitali za miji minane, Ifakara ikiwa mmojawapo pamoja na London na Manila, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo hutaka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake kabla ngozi haijapasuliwa, na shashi, yaani vitambaa vya kufyonzea damu, zihesabiwe kabla mgonjwa hajatolewa. Hilo la majina wapo wanaoliona dogo, lakini mimi naliona kubwa, kwa sababu muuguzi aliyekwisha kusikika sauti yake mwanzoni hatasita sana kumwambia daktari bingwa kwamba shashi moja haionekani.

Tatizo ni kwamba karatasi hiyo inaweza kutiwa alama zote bila neno hata moja kutamkwa, na wenyeji waliokwisha kuzoea hawalioni hilo. Mgeni kutoka hospitali nyingine hulibaini siku ya kwanza.

Kwa hiyo naziomba wizara za afya na wakuu wa hospitali wakubaliane kwanza juu ya namna moja ya kuhesabu madhara ya upasuaji, wapange ziara hizo, hospitali ndogo zikiwa wenyeji na wageni sawasawa na zile za rufaa, na wahakikishe kwamba takwimu zinazotolewa hazitumiki kumwadhibu aliyezitoa kwa ukweli.

Msomaji wako