Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Watu Walio Nyuma ya Mfululizo wa Bustani za Burudani Zilizofungwa

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya mwaka 2025. Habari za ada, ukaguzi wa hesabu na wanachama wapya zimo katika taarifa za mweka hazina na katibu, ambazo mmekwisha kuzipokea, kwa hiyo sitazirudia. Nitazungumzia kazi iliyobeba mwaka mzima: mfululizo wetu wa dokumentari kuhusu bustani za burudani za Marekani ambazo milango yake ilikwisha kufungwa. Sehemu zake ni tano: bustani za zamani za Coney Island ya New York, Euclid Beach ya Cleveland, Glen Echo na Gwynn Oak za Maryland kwa pamoja, Geauga Lake ya Ohio, na bustani ya New Orleans iliyozama wakati wa Kimbunga Katrina.

Mtazamaji husikia sauti ya msimulizi, akadhani kazi ni ya msimulizi. Wengi waliofanya kazi hii hawaonekani wala hawasikiki, na ukweli wa kila sehemu umesimama juu ya mabega yao. Chama bado hakijawapa ulinzi wa maandishi wanaostahili.

Nianze na kikundi cha mikanda ya filamu. Picha nyingi za bustani hizi zilipigwa na wazazi waliokwenda matembezi na watoto wao, kwa kamera ndogo za milimita 8. Mkanda ukifika, kazi ya kwanza ni kuunusa. Mkanda wa asetati, aina ya plastiki iliyotumika zamani kutengenezea filamu, ukiharibika hutoa harufu kali ya siki, hukakamaa na kusinyaa. Wenzetu hufungia kipande cha karatasi ya kupimia asidi ndani ya kopo kwa saa 24 au zaidi: ikibaki bluu, mkanda ni mzima, ikigeuka kijani, uharibifu umeanza, ikifika njano, mkanda huo unatengwa mara moja na mingine, unawekwa mahali pa baridi na kupewa nafasi ya kwanza kwenye foleni ya kuskaniwa. Mkanda uliosinyaa haupitishwi kamwe kwenye projekta ya nyumbani. Meno ya projekta hayalingani tena na matundu, na kinachofuata ni kuchanika. Unapelekwa kwenye skana ya magurudumu laini isiyotumia meno.

Kisha inakuja tarehe, na hapa ndipo kikundi hiki kinapoonyesha ustadi wake. Maandishi ya juu ya boksi si ya kuaminika, kwa kuwa mara nyingi yaliandikwa miaka mingi baadaye. Chukueni mfano wa boksi lililoandikwa "Euclid Beach 1962". Mkanda wa ndani ukiwa na matundu madogo yaliyokaa katikati ya kila fremu, yaani kila picha moja ya mkanda, huo ni Super 8, aina mpya zaidi ya mkanda wa milimita 8, na Super 8 iliingia sokoni 1965. Mkanda wa zamani wa milimita 8 una matundu makubwa zaidi, nayo hukaa kwenye mpaka wa fremu na fremu. Bustani yenyewe ilifungwa Septemba 28, 1969. Basi picha hiyo ni ya kati ya 1965 na 1969, hata boksi liseme nini. Mikanda ya Kodak ina pia alama ndogo pembeni, duara, mraba au pembetatu, zinazoonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa. Mpangilio wa alama hizo hurudi kila baada ya miaka 20, kwa hiyo hauwezi kusomwa peke yake. Lazima ushuhudiwe na kitu kingine ndani ya picha, kama modeli ya gari au bango la bei. Tena mwaka wa kiwandani si mwaka wa kupiga picha, kwani mkanda uliweza kukaa dukani au kabatini.

Kosa tunalolikuta mara kwa mara katika video za watu wengine ni la kasi. Milimita 8 za zamani zilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde, Super 8 kwa 18. Ukizichezesha kwa 24 bila marekebisho, ile ya 16 inakwenda mara moja na nusu ya kasi yake. Watu wanakimbiakimbia, na rolakosta, yaani magari ya burudani yanayopanda na kushuka kwa kasi juu ya reli, inaonekana kali kuliko ilivyokuwa. Kwetu huo ni upotoshaji, maana kasi ya rolakosta ni sehemu ya ushahidi. Wahariri wetu hugeuza kila fremu mbili kuwa tatu kwa mkanda wa 16, na kila tatu kuwa nne kwa mkanda wa 18. Macho makali yataona mtikisiko mdogo. Tunauvumilia kuliko kuacha programu ibuni fremu ambazo hazikupigwa.

Wajenzi wa mifano ya kompyuta ndio waliotuwezesha kuonyesha mahali ambapo leo hapana kitu. Msingi wao ni ramani za Sanborn zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto, na nyingi zimewekwa wazi na Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwenye ramani hizo inchi moja ni futi 50, yaani zaidi kidogo ya mita 15, na rangi inataja ukuta: njano ni mbao, waridi ni matofali, bluu ni mawe. Mjenzi huanza kwa kupima upana wa barabara ulioandikwa kwenye ramani, ndipo apange vipimo vingine vyote. Akianza na jengo, kosa la sentimita chache linamfuata hadi mwisho wa bustani. Mtego mwingine ni viraka. Kampuni ilikuwa ikituma vipande vya marekebisho vinavyobandikwa juu ya ramani ya zamani, kwa hiyo karatasi moja inaweza kubeba miaka miwili au mitatu tofauti.

Rangi ya njano ndiyo iliyotufundisha mengi kuhusu Dreamland ya Coney Island. Bustani hiyo ilifunguliwa 1904. Majumba yake meupe yaliyoonekana kama ya mawe yalikuwa fremu za mbao zilizofunikwa mchanganyiko wa plasta na nyuzi za katani. Usiku wa kuamkia Mei 27, 1911, mafundi walikuwa wakiziba uvujaji kwa lami ya moto ndani ya burudani iliyoitwa Hell Gate. Taa zikazimika, lami ikamwagika, moto ukashika, na kulipokucha Dreamland haikuwepo. Mwandishi anayesema tu "iliungua" amemnyima mtazamaji sababu. Mjenzi wa mfano alipovua plasta na kuonyesha mbao zilizo ndani, sababu ilijieleza.

Kwa rolakosta, chanzo bora ni hati za hataza, yaani hati za serikali zinazompa mvumbuzi haki ya uvumbuzi wake. Ni za umma, zina michoro, na zinaeleza jinsi mtambo unavyofanya kazi. John A. Miller, aliyebuni Big Dipper ya Geauga Lake iliyojengwa 1925, alipata mnamo 1919 hataza ya magurudumu yanayopita chini ya reli na kulizuia gari lisinyanyuke. Bila magurudumu hayo, miteremko mikali ya miaka ya 1920 isingewezekana. Geauga Lake yenyewe ilimaliza msimu wake wa mwisho wa bembea na rolakosta Septemba 2007. Upande wa maji ukaendelea hadi 2016, na Big Dipper ikabomolewa mwaka huohuo.

Watafiti wana kanuni moja ambayo ningependa kila mwandishi wa skripti aishike: tarakimu za matangazo zitajwe kama matangazo. Luna Park ya Coney Island ilifunguliwa 1903 ikijinadi kuwa na taa 250,000, na Dreamland ikaja mwaka uliofuata ikidai milioni moja. Hakuna aliyezihesabu. Tunaandika "ilitangaza kuwa na", na hatupungukiwi na kitu. Watafiti haohao ndio waliofuatilia rolakosta ya Batman ya New Orleans: ilianzia Japani 1995 kwa jina la Gambit, ikafika New Orleans 2003, ikaokolewa baada ya mafuriko na kufunguliwa tena Texas 2008 kwa jina la Goliath. Bustani ikifungwa, mitambo yake mara nyingi inaendelea kuzunguka mahali pengine, na hilo hubadilisha kabisa mwisho wa hadithi.

Sehemu ya Maryland ilitugusa kuliko zote, na kikundi cha mahojiano kilistahili muda wa ziada kilichoomba. Ukihoji tu waliozoea kuingia, utapata kumbukumbu tamu za pipi na muziki, na utakuwa umesema uongo bila kutamka neno la uongo. Glen Echo haikuwaruhusu watu weusi. Juni 30, 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard waliingia na kuketi kwenye bembea inayozunguka ya farasi wa mbao, watano wakakamatwa. Milango ilifunguliwa kwa wote 1961. Gwynn Oak iliacha ubaguzi Agosti 28, 1963, siku ileile ya maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za watu weusi, na mtoto Sharon Langley, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, akapandishwa kwenye bembea ya farasi. Hata Euclid Beach ilikuwa na maandamano dhidi ya ubaguzi 1946. Mkuu wa mahojiano alisimamia jambo moja kwa msimamo: swali "ulikuwa ukija hapa?" litanguliwe na swali "uliruhusiwa kuingia?" Nakubaliana naye kabisa, na naomba liwe utaratibu wa chama.

Kuhusu New Orleans, hakuna aliyeruka uzio, na hakuna atakayeruka kwa jina la chama. Picha za angani zilizopigwa na NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, baada ya kimbunga cha Agosti 2005 zinatosha kuonyesha bustani ikiwa ndani ya maji, na kazi za serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki.

Kwa wasimulizi wa Kiswahili nina ombi kwa waandishi wa skripti. Kutamka 1969 kwa ukamilifu ni silabi kumi na nne. Skripti yenye miaka mitatu katika sentensi moja inamkosesha msimulizi pumzi, kisha mhariri anakata picha nzuri ili sauti itoshe. Mwaka uandikwe kwenye skrini, msimulizi aseme "mwaka huo" aendelee.

Sasa haki. Kazi iliyochapishwa Marekani 1929 au kabla yake, isipokuwa rekodi za sauti, iko huru tangu Januari 1, 2025. Video ya familia ambayo haikuchapishwa ni habari nyingine: hakimiliki ni ya aliyeshika kamera au warithi wake, si ya aliyenunua boksi mnadani. Bila saini ya mrithi, hatuitumii.

Sheria hiyohiyo inatuhusu na sisi. Mtunzi wa muziki au mjenzi wa mfano aliyepewa kazi bila mkataba wa maandishi anabaki mwenye hakimiliki ya alichokitengeneza, na chama kinabaki na ruhusa ya kuitumia tu, ambayo mipaka yake haieleweki. Walioshirikiana kama watunzi wa pamoja bila kuandikiana wanahesabiwa kuwa na hisa sawa, na kila mmoja anaweza kumruhusu mtu mwingine kuitumia kazi bila kuwauliza wenzake, mradi agawane nao mapato. Mwaka huu hakuna aliyegombana, kwa sababu ya wema wa watu. Sehemu ya pili ya mfululizo ikianza kuuzwa, wema huo utawekwa kwenye majaribu.

Kamati ya utendaji inapendekeza yafuatayo, na nawaomba myapigie kura. Kwanza, hakuna mshiriki atakayeanza kazi kabla ya kusaini karatasi inayotaja anachotengeneza, anacholipwa, nani anamiliki, na jina lake litaandikwaje mwishoni. Pili, waliomaliza kazi bila karatasi hiyo waandikiwe kabla ya mwezi Machi, na wao ndio wachague kati ya kuuza haki au kuzikodisha. Tatu, kila mkanda ulioskaniwa uwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine, na mkanda wenyewe urudishwe kwa familia ukiwa kwenye kopo jipya pamoja na nakala yao.

Fomu za kura ziko kwa katibu.

Mwenyekiti