Kwa Mpwa Wangu Anayejiandaa Kwenda Kunywa Ayawaska

Mpwa wangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Mamako amenieleza kwamba umeshalipa arbuni ya safari ya Peru, na kwamba mwezi ujao utakuwa msituni karibu na mji wa Iquitos pamoja na wenzako wa kazini, mkinywa ayawaska mbele ya mganga wa huko. Alitaka nikukataze. Sitakukataza, kwa kuwa wewe ni mtu mzima na fedha ni zako. Lakini nimeuza dawa hapa Mombasa tangu hujaanza shule, na lipo jambo ambalo nisipokwambia mimi, huenda asitokee mwingine wa kukwambia. Nimeliandika hadharani, baada ya kubadilisha yote yanayoweza kukutambulisha, kwa sababu vijana wengine nao wameanza kuniuliza dukani.

Kinywaji hicho hupikwa kwa saa nyingi kutokana na mimea miwili. Mmoja ni mmea utambaao, ambao shina lake hupondwa. Mwingine ni kichaka kiitwacho chakruna, ambacho huchumwa majani. Majani ndiyo yenye DMT, kemikali inayoleta maono, lakini mtu akiyachemsha na kuyanywa peke yake hapati kitu, kwani tumboni na kwenye ini kuna kimeng'enya kinachoiharibu DMT kabla haijafika kwenye ubongo. Shina lina harmini na harmalini, ambazo hukizuia kimeng'enya hicho kwa saa kadhaa, na hapo ndipo maono hupata nafasi. Waliogundua kwamba mimea hiyo miwili huenda pamoja, katika msitu wenye maelfu ya mimea, walikuwa mabingwa, nami simdharau mganga wa Kishipibo, kabila la wenyeji wa msitu huo, hata chembe. Serikali ya Peru yenyewe iliutangaza ujuzi huo kuwa urithi wa taifa mwaka 2008.

Sasa viangalie vidonge vyako. Kimeng'enya kinachozuiwa na shina lile ndicho pia kinachovunja serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, na fluoksetini unayomeza kila asubuhi kwa ajili ya sonona kazi yake ni kuifanya serotonini izidi kubaki kati ya seli za ubongo. Viwili hivyo vikikutana, serotonini inaweza kupita kiasi: mtu hutoka jasho, hutetemeka, misuli hukakamaa, moyo humwenda mbio, joto la mwili hupanda na akili huchanganyikiwa, na ikizidi humwua. Linalonitia hofu zaidi ni kwamba yote hayo yatatokea usiku, ndani ya banda la duara, kila mmoja akiwa na mkeka wake na ndoo yake ya kutapikia, mahali ambapo kutapika huitwa kusafishwa na kutetemeka huchukuliwa kuwa dalili kwamba dawa imeanza kazi. Atakayekuona unatetemeka huenda akakuimbia na kukupulizia moshi wa tumbaku, kwa nia safi kabisa, huku wewe ukihitaji gari la wagonjwa.

Mamako anasema waandalizi wamekuambia uache vidonge wiki moja kabla. Hiyo haitoshi. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu kuliko dawa nyingi za aina yake, na sisi wafamasia hutaka zipite angalau wiki 5 kabla mtu hajapewa dawa yoyote inayokizuia kimeng'enya hicho. Hesabu mwenyewe tarehe zako. Wala usije ukaviacha kimyakimya ili kuiwahi ndege, maana unakumbuka ulivyokuwa kabla ya kuanza kuvitumia, na mamako anakumbuka zaidi.

Najua utanijibu kwamba wataalamu wamethibitisha ayawaska hutibu sonona. Huko Brazili ulifanyika uchunguzi mzuri, uliochapishwa mwaka 2018, kwa wagonjwa 29 ambao dawa za kawaida hazikuwa zimewasaidia, na baada ya siku 7 waliokunywa ayawaska walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa kinywaji cha kuigiza, kisicho na ayawaska ndani. Ni matokeo ya kutia moyo, sikatai. Lakini wagonjwa hao walichujwa kwanza, waliachishwa dawa zao za awali, na walikunywa mara moja tu wakiwa chini ya uangalizi wa madaktari. Kambi ya watalii haina mpango huo.

Nimeisoma pia ile fomu ya afya uliyomtumia mamako. Imeuliza kuhusu kokeini, pombe na bangi, na haikuuliza kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, kwa kuwa aliyeitunga hajawahi kukaa barazani Majengo. Muguka una kathinoni, ambayo ni ndugu wa amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, na hupandisha presha. Ukiutafuna huku kimeng'enya kile kimezuiwa, presha inaweza kupanda vibaya. Waandikie hata kama hawakukuuliza.

Kuhusu dini sitakuhubiria, kwani masheikh wapo. Nitasema tu kwamba hata kwetu watu wamekunywa kombe la zafarani na marashi, na wengine wamechezewa ngoma za pepo, na fundi wa ngoma hizo alijulikana nyumba yake, ukoo wake na wagonjwa aliowashindwa. Mgonjwa akizidiwa, ndugu walijua pa kumwendea. Huyo atakayekunywesha wewe, ukirudi nyumbani ukiwa hulali na unasikia sauti, utambishia hodi wapi? Hilo ni swali la kuwauliza kabla hujalipa salio, pamoja na lile la hospitali iliyo karibu na muda wa kufika huko usiku.

Usibebe chupa ya kuja nayo. DMT imo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, ambao Kenya imeuridhia, na askari wa uwanja wa ndege hatasikiliza habari za urithi wa taifa.

Leo jioni niandikie kila unachomeza na kutafuna: vidonge vya daktari, tramadoli unayotumia mgongo ukikusumbua, na dawa ya kikohozi, ambayo ikiwa ina dekstromethofani nayo haifai kukutana na ayawaska. Kesho asubuhi tutaipeleka orodha hiyo kwa daktari wako pamoja, kisha yeye ndiye aseme kama safari ni ya mwezi ujao au ya mwakani.

Mjomba wako