Ndege ya maseremala

Caen, Ufaransa, Jumapili jioni

Ndugu yangu Mussa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Jana nilikwenda Ranville, kijiji cha jirani, na humo kwenye jumba la makumbusho nilikukumbuka wewe na karakana yako.

Wameweka Horsa, glaida, yaani ndege isiyo na injini, ya jeshi la Waingereza. Si yenyewe ya zamani, ni mfano wa ukubwa uleule: ncha ya bawa hadi ncha ya pili karibu mita 27. Na karibu yote mbao, Mussa! Plaiwudi na gundi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya samani ndivyo vilivyotengeneza vipande vyake; watu wa makabati na vitanda wakaambiwa haya, leteni mabawa. Nilitazama huku na huku, mlinzi hayupo, nikagonga kwa kifundo cha kidole kama unavyokagua mlango. Ko, ko. Mlango kabisa.

Sasa fikiria kurusha mlango huo usiku. Sajini Jim Wallwork alivutwa kwa kamba na ndege ya mabomu kutoka Uingereza, akiwa na Meja John Howard na askari wake nyuma. Usiku wa kuamkia 6 Juni 1944, kamba ikafunguliwa. Basi, kimya. Injini haipo, ukikosea huwezi kupanda juu ukazunguka tena. Rubani mwenzake, Ainsworth, alishika saa akihesabu sekunde, Wallwork anafuata dira: kata hapa, nyoosha, kata tena. Saa sita na dakika 16 wakabamiza chini, kama mita 45 tu kutoka daraja la mfereji wa Caen. Pua ikapasua seng'enge, marubani wote wawili wakarushwa nje kupitia kioo. Wallwork, damu usoni, akainuka akaanza kubeba risasi. Rubani wa glaida alikuwa askari kamili. Akishatua, chombo chake kimekwisha, naye anaingia vitani na wenzake.

Daraja walilichukua kutoka kwa Wajerumani kwa muda mfupi sana. Lenyewe limehifadhiwa palepale uani kwa makumbusho, nimelikanyaga.

Lakini usidhani ilikuwa hivyo kila mara. Mwaka uliotangulia, Julai, wakienda Sicily, kisiwa cha Italia, glaida nyingi zilifunguliwa kamba mapema mno huku upepo ukiwapiga usoni. Kadiri ya nusu ziliangukia baharini, watu zaidi ya 200 wakafa maji. Hapo ufundi wa rubani ungefanya nini? Hilo limenikaa kichwani kuliko daraja.

Hebu niambie, wewe kama fundi: plaiwudi ya namna hiyo ungeiunga vipi isifumuke ikigonga ardhi? Picha nitakutumia, nimepiga maungio kwa karibu.

Nisalimie mama watoto. Na kabati la mama usilipake vanishi mpaka nirudi, nakuomba.

Wako,
Hamisi