Barua kwa Yaya, dada yangu mkubwa aliye Bukavu, kuhusu maji

Yaya,

Mtoto wako ameniambia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana mpaka akasema. Anasema mgongo unakuuma upande mmoja, chini ya mbavu, maumivu yanashuka mpaka kwenye kinena, yanakuachilia, halafu usiku yanarudi. Anasema mkojo wako una rangi ya chai kavu, na juzi uliona damu ukanyamaza. Anasema pia umemkataza kunipigia. Ndiyo sababu naandika hapa, mahali ambapo mashangazi na binamu wote watasoma. Kwenye simu umenifungia, na grupu ya familia ulitoka siku ya tatu ya kilio cha Mama.

Kwanza, nenda upigwe ekografi, kile kipimo cha picha ya tumbo. Usirudi kwa yule mzee wa mizizi. Maumivu yanayokuja na kuondoka namna hiyo mara nyingi ni jiwe la figo linalotafuta njia ya kushuka, na damu kwenye mkojo lazima daktari aione hata kama siku hiyo huumwi tena. Ukishikwa na homa na kutetemeka pamoja na maumivu hayo, usingoje kuche. Jiwe likiziba njia na vijidudu vikaingia nyuma yake, mtu anaweza kufa haraka. Mwambie kijana wa jirani akupeleke na pikipiki yake, pesa nitamtumia mimi.

Pili, maji. Najua hapa umekunja uso.

Unaamka gizani, unashuka sokoni, unakaa juu ya ile stuli mpaka jioni, na kitu chako cha kwanza kunywa ni chai ya usiku. Siulizi kwa nini. Nilikaa karibu na meza yako likizo zote za utoto wangu, najua. Choo cha sokoni kinalipiwa, kinanuka, mlango haufungi, na ukiondoka unamwachia nani mali yako? Kwa hiyo unajibana. Mama alijibana hivyo hivyo kwa maisha yake yote ya biashara, na wanawake wote wa mstari ule wanajibana mpaka leo. Watu wanaokuja na megafoni kuwaambia wamama wa soko wanywe maji, huku hawasemi neno juu ya vyoo, wananikasirisha. Hilo tunakubaliana, Yaya, na sijui kama limebaki jingine tunalokubaliana.

Lakini figo haijui kwamba choo ni kichafu. Figo zako mbili zinachuja kama lita 180 za maji ya damu kila siku, karibu yote zinayarudisha mwilini, kisha zinatoa uchafu katika lita moja na nusu hivi ya mkojo. Ukizinyima maji hazisimamishi kazi. Zinatoa uchafu ule ule katika maji machache, na chumvi zilizotakiwa kuyeyuka zinashikana, chembe juu ya chembe, mpaka zinakuwa jiwe. Tena Bukavu inadanganya. Kwenu hakuna joto la Uvira, mtu hatoki jasho la kumkumbusha, anapandisha ngazi za Kadutu na mzigo kichwani na upepo wa ziwa unamkausha bila yeye kujua.

Ulinicheka siku moja kwamba mimi mwalimu wa biolojia nahubiri glasi nane za maji kwa siku kama dini. Sijawahi kuhubiri glasi nane. Hesabu hiyo watu wengi huirudisha kwenye maandishi ya lishe ya Marekani ya mwaka 1945, yaliyotaja lita 2.5 kwa siku na kusema palepale kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya chakula. Watu wakashika namba, maelezo wakayaacha. Ulaya mwaka 2010 walitaja lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanaume, na humo wamehesabu chai, supu, matunda, kila kitu. Kwa mtu mzima wa afya nzuri inatosha anywe akisikia kiu na aangalie mkojo usikolee. Wewe sasa huhesabiwi humo. Mtu aliyeshikwa na jiwe anaambiwa anywe mpaka mkojo wenyewe ufike lita mbili na nusu kwa siku, ili jiwe jingine lisizaliwe. Hayo ni mengi, na huwezi kuyanywa yote usiku.

Sasa nitasema lile ambalo hutaki niliseme.

Siku ya mahari ya mtoto wetu, pale Muhungu. Mama alikuwa amekaa chini ya turubai tangu asubuhi, na kikwembe kipya na libaya, yaani blauzi, ulilomshonea, mzuri kweli, kila mtu alimwambia hivyo. Jua lilikuwa limehama na kumfikia miguuni. Nikamletea chupa ndogo ya maji, nikaifungua mimi mwenyewe kwa sababu vidole vyake havikuwa na nguvu. Alikuwa ameshaipeleka mdomoni. Ukatoka kule mbele kwa wakwe, ukapita katikati ya viti, ukaichukua mkononi mwake na kuiweka chini ya kiti. Ukasema, “Mama asinywe. Choo kiko nyuma ya wageni wote, unataka apite mbele yao mara ngapi?” Ukasema taratibu, ukitabasamu, ili wakwe wasijue kuna neno. Mama akanitazama. Akasema, “Sina kiu, mwanangu.” Na wewe ukaniambia, “Umesikia?”

Nilisikia. Nilisikia pia kwamba midomo yake ilikuwa imekauka mpaka maneno yanakwama. Mtu akizeeka kiu hupungua, Yaya. Mwili unakauka na kichwa hakitoi habari. Mzee akikuambia hana kiu hajakuambia kama ana maji ya kutosha, amekuambia tu kwamba hasikii. Ndiyo maana mzee huletewa, kidogo kidogo, bila kuulizwa. Nilikuambia hayo pale pale, kwa sauti ya chini, ukanijibu kwamba hapa si darasani.

Saa kumi na mbili jioni aliniita kwa jina la marehemu Baba. Akataka kusimama, akaanguka kati ya viti, mbele ya wakwe wale wale. Aibu uliyoikimbia ilitukuta, na ilikuwa kubwa kuliko mwanamke mzee anayekwenda msalani. Hospitalini walimtundikia seramu, maji ya mshipani, na asubuhi alikuwa anatuuliza kama mbuzi zilitosha. Daktari alitamka mbele yetu wote wawili: amekauka. Wewe ukasema ni uchovu wa sherehe. Mpaka leo unasema ni uchovu wa sherehe.

Sijawahi kusema kwamba siku ile ndiyo iliyomuua. Naandika wazi ili anayesoma asinisingizie. Mama alikuwa na presha kwa miaka, na presha inakula figo polepole bila kuuma. Lakini wewe, kwenye kilio, ulisimama mbele ya watu ukasema, “Mwalimu na maji yake ndiye aliyemvimbisha Mama.” Hilo sikulijibu kwa sababu marehemu alikuwa hajamaliza hata wiki. Nalijibu leo.

Figo zikiwa nzima, maji yanazisaidia. Figo zikishakufa, maji hayana pa kutokea, yanabaki miguuni, yanapanda mpaka kwenye mapafu, na hapo daktari anampimia mgonjwa kiasi cha kunywa. Ni mambo mawili ya nyakati mbili. Daktari alipomwekea Mama kipimo miezi ya mwisho, wewe uliona ushindi, ukasema: “Kumbe maji ni mabaya, nilisema.” Hapana. Nilimwambia anywe alipokuwa anaweza kukojoa. Alipokatazwa, nani aliyekupigia kila jioni kuuliza amekunywa kiasi gani? Nani aliyetuma dawa za presha kutoka Goma kwa boti, na wewe ukawaambia majirani zinatoka kanisani? Unasema sikuja kumuosha. Wiki ile boti hazikusafiri, na wewe mwenyewe ulijua, uliuliza bandarini kabla yangu. Nilifika kaburi limeshafunikwa. Hilo unalitaja mbele za watu kana kwamba nililichagua.

Basi.

Najua wewe si mtu mbaya. Nani alikuwa anaweka bidoni langu la maji juu ya lake tukipanda kutoka mtoni, mpaka shingo ikaota kovu? Na tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, Goma ikahamishwa siku chache baadaye, ulitupokea bandarini na watoto wangu wamevaa nguo za kulalia. Maji ya bomba kule kwetu yalikuwa yamekatika mitaa mingi. Kwako ulichemsha maji usiku, sufuria baada ya sufuria, makala, huo mkaa wa jikoni, yakaisha ukakopa mengine, kwa sababu ulisema kipindupindu hakitaingia nyumba hii, na hakikuingia. Mke wangu anakusifu mpaka kesho. Lakini alikuchunguza siku zile, akaniambia: dada yako anamnywesha kila mtu, yeye mwenyewe sijamwona akiinua kikombe.

Kwa hiyo fanya hivi. Chemsha jioni, wakati jiko bado lina makala ya chakula. Yakishachemka sawasawa kwa dakika moja inatosha, hakuna haja ya kuyaacha yaungue nusu saa na kumaliza makala. Siku makala hakuna, jaza chupa safi za plastiki zisizo na rangi, maji yawe maangavu, uzilaze juu ya bati kwenye jua kwa muda wa saa sita. Mawingu yakitanda, siku mbili. Kunywa glasi mbili kabla ya kushuka sokoni, na chupa moja ubaki nayo chini ya meza. Choo ulipie. Mali mwachie Mama wa mkaa, amekaa kando yako miaka yote hii na hajawahi kukuibia hata nyanya.

Makayabu, samaki wa chumvi, punguza, chumvi yake inasukuma kalsiamu kwenye mkojo. Lengalenga, mchicha wetu, usiache, ila usile peke yake, pika na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, nzima na mifupa yake: kalsiamu ya samaki inashika oksalati ya mboga, ile inayojenga jiwe, tumboni kabla haijafika kwenye figo. Sukre, yaani soda, usiihesabu kama maji, kasiksi, pombe ya ndizi, ndiyo kabisa. Na kabla ya kuanza kunywa mengi, daktari apime damu aone figo zinafanya kazi kiasi gani, kwa sababu wewe ni mtoto wa Mama na presha yako hujawahi kuipima mbele yangu.

Ekografi ikitoka, mwambie mtoto anitumie picha. Kama hutaki niione mimi, amtumie mke wangu, yeye hujamfungia. Pesa ya kipimo iko kwenye simu ya mtoto tangu asubuhi, na nimemwambia asikubali uinunulie unga.

Mdogo wako,
Goma