RSVP ya kwenye kadi, na jibu lako

Shoga angu, za siku? Lubumbashi hamjambo? Sisi Dar wazima, mguu wa Mama Neema unaendelea vizuri.

Nakuandikia hii ishu ya kadi za sendofu ya Rehema maana imenikaa rohoni. Kadi 150 zimetoka wiki ya tatu sasa, chini kuna RSVP na namba yangu na ya kaka Side, waliojibu hawafiki 30. Nikampigia shangazi, ananiambia mwanangu mi nilijua hizo namba za kutumia mchango! Na si yeye tu, wameniambia hivyo watu wanne.

Wewe umesoma Kifaransa unaijua, Répondez s'il vous plaît, jibuni ikiwapendeza. Waingereza waliibeba enzi zile Kifaransa ndio lugha ya adabu za mabwanyenye Ulaya, sisi tukaipokea kwao ikiwa herufi nne tu, maneno yenyewe hatukuletewa. Kijana aliyetuchapia kaweka na "Please" mbele, kwa hiyo kadi inasema tafadhali mara mbili, na bado watu kimya.

Mi ninachotaka ni jibu, hata "siji" ni jibu. Mpishi anataka idadi Ijumaa. Unakumbuka ile harusi ya mwaka jana, tumelipia sahani 200, meza za nyuma zote tupu, Mama Neema deni la ukumbi hajalimaliza mpaka leo, nikikumbuka naumia.

Kadi za zamani walikuwa wanaandika MAJIBU KWA, basi, ukisoma unajua unadaiwa jibu. Nimeiambia kamati kwenye kadi za harusi yenyewe turudishe hiyo, kaka Side anasema itaonekana ya kizamani. Kizamani wapi, kama mtu anaelewa? Nitalirudia kikao cha Jumapili.

Hebu niambie, huko kwenye kadi wanaandika RSVP hiyohiyo? Watu wanajibu kweli au nao kimya? Na ile s'il vous plaît bado mnaisikia kama "ikikupendeza" au imeshakuwa tafadhali tu?

Halafu wewe mwenyewe, kadi nimekutumia WhatsApp, tiki za bluu nimeziona. Unakuja? Kadi yako dabo, shemeji anakuja naye? Mtapita Tunduma kwa basi au? Kama haiwezekani niandikie tu haiwezekani, sitakasirika, nimpe mpishi namba kamili.